Mpaka wa miti Kilimanjaro kwenye picha za setilaiti: dalili, chanzo na marekebisho

Weka picha ya setilaiti ya Landsat ya 1976 juu ya picha ya setilaiti ya Sentinel-2 ya miaka hii, chora ukingo wa juu wa msitu wa Kilimanjaro kwenye zote mbili, na mistari yako haitakutana. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya kweli. Moto umekula misitu ya Erica, mti wa juu mlimani, na kuushusha mpaka kwa mamia ya mita. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyeutafiti mlima huu kwa miongo, alilinganisha 1976 na 2000 na kukuta zaidi ya asilimia 80 ya msitu wa Erica imetoweka. Lakini sehemu nyingine ya tofauti inatoka kwenye picha zenyewe: kivuli, ukungu, datamu (msingi wa kupimia mahali kwenye ramani) iliyokosewa, pikseli zisizolingana ukubwa. Inabidi mambo hayo yatenganishwe kabla namba haijaingia kwenye ripoti, maana namba ya mpaka wa miti ikishatoka hutumika kupanga barabara za kuzuia moto na kueleza maji yaliyopungua kwenye mifongo (mifereji ya asili) ya Wachagga huko chini. Namba iliyotokana na kivuli itawapotosha wote hao.

Anza na sehemu ya kwanza hata kama una haraka. Baada ya hapo nenda kwenye dalili inayofanana na unachokiona kwenye skrini.

Kwanza: unafuatilia mpaka upi?

Nusu ya mabishano kuhusu mpaka wa miti huisha watu wakiulizana swali hili. Kilimanjaro ina mistari mitatu tofauti. Wa kwanza ni ukingo wa msitu uliofunga, ambapo matawi yanagusana na ukiwa chini huoni anga vizuri. Wa pili ni mwisho wa miti iliyosimama mmoja mmoja au kwa mafungu. Wa tatu ni mwisho wa vichaka vya Erica, ambavyo ni jamii ileile ya mti lakini vinafika kiunoni au kifuani tu.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Erica ikiachwa bila kuunguzwa kwa miaka mingi huwa mti kamili wenye shina na ndevu za kuvu-mwani zikining'inia. Ikiungua huchipua tena kama kichaka, na moto ukirudi mapema haivuki hatua ya kichaka. Kwenye picha ya mita 30, msitu wa Erica na kichaka kizito cha Erica vina rangi inayokaribiana sana.

Andika fasili yako juu kabisa ya daftari la kazi. Mfano unaofaa: mti ni mmea wa kudumu wenye urefu wa mita 3 au zaidi, na pikseli inahesabiwa msitu ikiwa miti imefunika angalau asilimia 40 ya eneo lake. Unaweza kuchagua namba nyingine, ila usizibadili kazi ikiwa katikati. Amua pia mapema kuhusu Dendrosenecio kilimanjari, ile mimea mirefu yenye kichwa kama kabeji inayokaa kwenye mabonde yenye maji, kwa mfano Barranco. Kwenye picha za azimio kubwa inaonekana kama vidoti vyenye vivuli vilivyopangana kufuata mkondo, na programu ya uainishaji itaiita miti. Mimea hiyo ikiingia kwenye hesabu, mpaka wako utaruka juu mita mamia bila sababu. Ni bora ipewe tabaka lake peke yake.

Dalili: mstari mzima umehama upande mmoja

Ukiona mpaka wa zamani na wa sasa una umbo lilelile, na kila kona na kila ulimi wa msitu upo, ila mstari mmoja umesogea wote kwa pamoja, msitu haukuhama. Pima umbali wa mkengeuko na mwelekeo wake.

Mita 300 hivi kaskazini-kusini na mita 90 hivi mashariki-magharibi: ni datamu. Ramani za zamani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000 ziko kwenye datamu ya Arc 1960, wakati picha za setilaiti ziko kwenye datamu ya WGS 84. Namba za mahali (UTM) zinafanana vya kutosha kumdanganya mtu. Kwenye QGIS, programu ya ramani, ipe tabaka la zamani mfumo wa EPSG:21037 (Arc 1960), kisha lihamishe kwenda EPSG:32737 (WGS 84). Usibofye tu kubadili jina la mfumo. Kubadili jina hakuhamishi pointi hata moja, na kosa hili tunalikuta mara kwa mara kwenye mafaili yanayopitishwa mkono kwa mkono.

Pikseli moja au mbili tu: ni usajili wa picha. Landsat za daraja la Tier 1 zinatakiwa ziwe ndani ya mita 12, lakini picha nyingi za kihisi cha MSS za miaka ya 1970 ni Tier 2 na zinaweza kupotea zaidi. Chagua pointi 15 hadi 20 zisizobadilika: makutano ya makorongo, ukingo wa kreta ya Maundi, vilima vya volkeno vya pembeni, miamba ya Shira. Usitumie miti wala ukingo wa msitu, maana hicho ndicho unachokipima. Isogeze picha ya zamani kwenda kwenye mpya, kisha toa kosa la wastani kwa pointi ambazo hukuzitumia kusogeza.

Mstari unakatika ghafla upande wa magharibi: umesahau kigae cha pili, yaani kipande kingine cha mraba ambacho picha hugawiwa. Sehemu kubwa ya mlima imo kwenye kigae cha Sentinel-2 T37MCS, lakini mteremko wa magharibi kuelekea Londorossi unaangukia T37MBS. Vipakue vyote viwili vya siku ileile.

Dalili: picha za ndege zinapindapinda, na kosa linakua kadiri unavyopanda

Picha za ndege za katikati ya karne iliyopita ni hazina, kwa kuwa zinaonyesha taji la mti mmojammoja miaka mingi kabla ya setilaiti yoyote ya raia. Ila haziwezi kunyooshwa kwa pointi sita na polinomia (fomula ya kupinda picha ifuate pointi), na hesabu ya kawaida inaonyesha kwa nini.

Chukua picha ya sentimita 23 kwa 23, lenzi ya milimita 152, kipimo cha 1:40,000. Ndege ilikuwa mita 6,080 juu ya ardhi. Sehemu ya mlima iliyoinuka mita 1,000 kuliko usawa wa rejea, ikiwa milimita 80 kutoka katikati ya picha, itasukumwa nje kwa 80 × 1,000 ÷ 6,080, yaani milimita 13. Ardhini hiyo ni zaidi ya mita 500. Polinomia huusambaza upotofu huo badala ya kuuondoa, kwa hiyo pointi zako zitakaa vizuri na kila kitu kilicho kati yake kitakuwa kimepinda.

Suluhisho ni kuzinyoosha kwa modeli ya mwinuko (ramani ya kidijitali ya urefu wa ardhi), na kwa mlima kama huu ni afadhali kuzishughulikia kwa kundi badala ya picha mojamoja. Programu za Metashape na MicMac zote zinaweza. Hatua zenyewe:

Skani kutoka kwenye filamu kama unaweza kuipata. Karatasi hujikunja na kunywea. Tumia skana ya kioo bapa kwa dpi 1,800, sawa na maikroni 14, ambayo kwa kipimo cha 1:40,000 inakupa pikseli ya nusu mita na kitu. Skana ya kuvuta karatasi huinyoosha picha upande mmoja, na kosa hilo halirekebishiki baadaye.

Ionyeshe programu alama za pembeni za kamera zilizo kwenye kila picha, nne au nane. Ukizikata wakati wa kupunguza kingo nyeusi, umepoteza jiometri ya ndani ya kamera. Ficha kingo na maandishi ya pembeni kwa barakoa, usizikate.

Weka pointi za udhibiti kuanzia kwenye mashamba ya chini hadi kwenye miamba iliyo juu ya msitu. Pointi 20 zilizotawanyika kwa mwinuko zina faida kuliko 50 zilizorundikana karibu na Marangu. Ukiona modeli inainama kama bakuli, pointi zako zote ziko kwenye usawa mmoja.

Kuna jambo ambalo picha hizi zinalifanya vizuri kuliko Landsat yoyote: urefu wa mti unaweza kupimwa kwa kivuli. Pima urefu wa kivuli kwenye ardhi iliyo karibu tambarare, zidisha kwa tanjenti ya pembe ya jua, na una urefu. Kwenye mteremko, rekebisha kwanza kwa pembe ya ardhi. Mti wa Erica wa mita 6 unaacha kivuli kinachoonekana. Kichaka cha mita moja hakiachi. Kwa kutenganisha mpaka wa pili na wa tatu, hiki ni kipimo cha kuaminika.

Dalili: kijani kimeshuka ghafla mwanzoni mwa 2022

Unachora mfululizo wa NDVI (kipimo cha ukijani kinacholinganisha infraredi ya karibu na nyekundu) kutoka Sentinel-2, na kuanzia mwisho wa Januari 2022 mstari unaanguka mlima mzima, msituni na vichakani kwa pamoja. Tangu tarehe 25 Januari 2022, picha mpya zinatolewa zikiwa zimeongezewa 1,000 kwenye namba ya kila pikseli. Usipoiondoa, NDVI inaharibika. Pikseli ya msitu yenye 3,000 kwenye infraredi ya karibu na 400 kwenye nyekundu ina NDVI ya 0.76. Ongeza 1,000 kila upande na unapata 4,000 na 1,400, na NDVI ni 0.48. Kwa mtu anayetumia kizingiti cha 0.6, msitu wote umekwisha.

Toa 1,000 kwenye picha zote zilizochakatwa kwa toleo 04.00 na kuendelea. Angalia namba ya toleo kwenye jina la faili, N0400 na zaidi, usitegemee tarehe ya picha peke yake, kwa sababu picha za zamani zimechakatwa upya na nazo zina nyongeza hiyo. Kwenye Google Earth Engine, huduma ya mtandaoni ya kuchakata picha za setilaiti, chagua mkusanyiko wenye neno HARMONIZED, na hutahitaji kutoa chochote. Ukitoa tena, umeharibu upande wa pili.

Landsat Collection 2 ina mtego wake: uakisi (sehemu ya mwanga inayorudishwa na ardhi) unapatikana kwa kuzidisha namba kwa 0.0000275 na kutoa 0.2. Ukikokotoa NDVI kwa namba ghafi, thamani zote zinakuwa ndogo kuliko inavyotakiwa.

Dalili: msitu unatoweka kwenye miteremko ya magharibi

Landsat hupita juu ya Kilimanjaro karibu saa nne na dakika 40 asubuhi, na Sentinel-2 baada yake kidogo. Jua bado liko mashariki. Mwezi Juni linatoka kaskazini-mashariki, likiwa juu ya upeo kwa nyuzi 52 hivi. Desemba linatoka kusini-mashariki. Kwa hiyo Juni kivuli kinalala kwenye miteremko ya kusini-magharibi, Desemba kwenye ya kaskazini-magharibi. Mteremko wa nyuzi 30 unaotazama kusini-magharibi mwezi Juni hupata chini ya nusu ya mwanga unaopata ardhi tambarare. Programu iliyofundishwa kwa msitu wa upande wa mashariki haitambui msitu uleule ukiwa gizani.

Ukilinganisha picha ya Februari na ya Agosti bila kurekebisha, utapata msitu uliopotea upande mmoja na uliozaliwa upande mwingine. Ramani ya mabadiliko inayofuata mwelekeo wa mteremko kwa unadhifu namna hiyo itupe.

Dawa ya kwanza ni kulinganisha picha za majuma yaleyale ya mwaka, tofauti isizidi wiki tatu. Hiyo peke yake hupunguza tatizo kwa kiasi kikubwa. Ya pili ni marekebisho ya C. Kokotoa kosini ya pembe kati ya jua na kila mteremko, kwa kutumia modeli ya mwinuko pamoja na pembe za jua zilizo kwenye faili la maelezo ya picha. Chukua pikseli za mimea tu, chora mwanga wa kila mkanda (rangi moja ya picha) dhidi ya kosini hiyo, upate mstari wenye mwinamo m na kikato b, yaani pale unapokata mhimili wima. C ni b gawanya kwa m. Kisha zidisha kila pikseli kwa (kosini ya pembe ya jua kutoka utosini + C) na ugawanye kwa (kosini ya pembe kati ya jua na mteremko + C). Fanya kwa kila mkanda peke yake, kwa sababu C ya infraredi na ya bluu hazilingani.

Marekebisho ya kosini tupu, yasiyo na C, yakae mbali na mlima huu. Yanaangaza mno upande wa kivuli, na utajua ukiona makorongo yaliyokuwa meusi sasa yameng'aa kuliko matuta. Mahali ambapo kivuli ni kizito kabisa, kama kuta za Barranco na Umbwe, hakuna hesabu inayorudisha kilichokosekana. Paandike "hapana data" na uendelee.

Dalili: mashimo, viraka, na mpaka unaocheza kila mwezi

Mawingu ya Kilimanjaro yana tabia ya kukaa kwenye mkanda wa msitu. Asubuhi kilele kinaonekana na tambarare inaonekana, halafu kadiri jua linavyopanda pete ya wingu inajifunga katikati. Saa ya setilaiti kupita ni saa ya pete hiyo kuanza. Ukichuja picha kwa asilimia ya wingu ya kigae kizima, utabaki na picha zenye asilimia 10 tu ya wingu ambayo yote imekaa pale unapopataka. Chuja kwa wingu lililo ndani ya poligoni yako, kati ya mita 2,600 na 4,200. Januari, Februari, na Julai hadi Septemba ndiyo miezi ya kutafuta kwanza. Masika, Machi hadi Mei, usitarajie mengi upande wa kusini.

Barakoa ya wingu (safu inayoficha pikseli zenye wingu) inayokuja na Sentinel-2 hukosea kwa namna zinazojulikana hapa: barafu ya Kibo huitwa wingu, kivuli cha mlima huitwa kivuli cha wingu au hata maji. Hayo yanaonekana mapema. Kinachoharibu kazi kimyakimya ni ukungu mwembamba kwenye ukingo wa wingu, ambao barakoa huuacha. Huinua nyekundu na bluu, hushusha NDVI, na kuufanya mpaka uonekane umeshuka. Kipimo chake ni mkanda wa bluu: msitu uliofunga ukiwa safi una uakisi wa bluu wa 0.02 hadi 0.03. Ukipata juu ya 0.05 msituni, hapo pana ukungu. Panua barakoa kwa mita 200 kuzunguka kila wingu, kisha kata kwa kizingiti hicho cha bluu.

Kama picha ni za Landsat 7 baada ya tarehe 31 Mei 2003, mistari mieusi inayopanuka kuelekea pembeni inatokana na kifaa kilichokufa angani. Kila picha imepoteza asilimia 22 hivi. Usijaze mashimo kwa kukisia kutoka pikseli za jirani. Unganisha picha mbili au tatu za msimu uleule, mashimo hayakai mahali pamoja kila mara. Landsat 5 ingesaidia, ila picha zake za Afrika Mashariki ni chache.

Dalili: msitu wa 1976 unaonekana mkubwa mno, au laini mno

MSS ilikuwa na mikanda minne tu: kijani, nyekundu na miwili ya infraredi ya karibu. Haina infraredi ya mawimbi mafupi, kwa hiyo usitafute NBR, kipimo cha makovu ya moto kinachohitaji mkanda huo. Pikseli zake zinagawiwa kwa mita 60, lakini kipande halisi cha ardhi kilichopimwa ni karibu mita 80. Msitu wenye mianya, ambao Sentinel-2 ya mita 10 inautenganisha kuwa miti na nyasi, MSS inauona ni kijani kimoja. Ukilinganisha hivyohivyo, utaripoti upotevu ambao ni wa macho.

Shusha picha mpya zote hadi mita 60, kwa wastani wa uakisi kabla ya kuainisha, kisha tumia mikanda ile tu ambayo MSS inayo. Matokeo yatakuwa na ukali mdogo kuliko unavyotamani, lakini yatakuwa ya haki. Na ukitafuta picha hizo kwenye hifadhi, kumbuka kwamba Landsat 1 hadi 3 zina hesabu nyingine ya njia: Kilimanjaro ni 180/62 kwa zile za mwanzo, na 168/62 tangu Landsat 4.

Dalili: mpaka umepanda mita 200 ndani ya miaka kumi

Miti haipandi mlima kwa kasi hiyo. Kilichopanda ni rangi ya kijani, na mara nyingi ni vichaka vya Erica vinavyochipua kwenye kovu la moto wa zamani, au nyasi za mafungu zilizonyeshewa wiki chache kabla ya picha.

NDVI haisaidii hapa kwa sababu hujaa mapema. Ikishafika 0.8, kichaka kizito na msitu wa mita 10 ni kitu kimoja kwake. Geukia infraredi ya mawimbi mafupi, mkanda B11 wa Sentinel-2. Msitu mrefu una vivuli vingi ndani ya matawi yake na majani yenye maji, kwa hiyo unaonekana mweusi kwenye mkanda huo. Kichaka ni laini, hakina vivuli vya ndani, na kinang'aa zaidi. Chora NDVI mlalo na B11 wima. Makundi mawili yaliyokuwa yameshikana yataanza kuachana. Ongeza kipimo cha mparuzo (ukwaru wa picha) kutoka mkanda B8 wa mita 10, dirisha la pikseli 5 kwa 5, na utengano unakuwa bora zaidi.

Wengine hukimbilia urefu wa miti kutoka leza ya GEDI, inayopima tangu 2019. Ni nzuri, lakini kila pigo lake linafunika duara la mita 25, na kwenye mteremko wa nyuzi 30 ardhi ndani ya duara hilo peke yake inatofautiana mita 14. Kichaka cha mita moja kitasomeka kama msitu. Bakisha mapigo ya miteremko iliyo chini ya nyuzi 15 tu.

Kinyume chake ni mpaka ulioanguka kwa msimu mmoja. Hapo tafuta moto kabla ya kitu kingine. Moto ulioanza tarehe 11 Oktoba 2020 eneo la Whona, kati ya vituo vya Mandara na Horombo, uliunguza kilomita za mraba 95.5 kwa hesabu ya TANAPA (shirika la hifadhi za taifa). Kovu lake linaonekana wazi ukitoa NBR ya baada kutoka ya kabla, kwa mikanda B8A na B12. Lakini eneo lililoungua na msitu uliopotea ni vitu viwili. Vichaka na nyasi vilivyo juu ya msitu navyo huungua, na miti mingine hubabuka ikapona. Subiri misimu miwili ya kiangazi ndipo uchore mpaka mpya, na ukate kovu kwa ramani ya msitu ya kabla ya moto.

Dalili: urefu wa mpaka kutoka usawa wa bahari hautulii

Hapa tatizo liko kwenye modeli ya mwinuko. SRTM, modeli iliyopimwa kwa rada kutoka angani Februari 2000, na modeli ya Copernicus ya mita 30 zote zinapima zaidi ya ardhi. Ndani ya msitu zinasoma karibu na vilele vya miti. Pikseli ya mwisho ya msitu inaweza kuongezewa mita kadhaa, na msitu ukiungua kati ya modeli moja na nyingine "ardhi" inashuka. Tumia modeli moja kwa miaka yote, na usome mwinuko pikseli moja nje ya ukingo wa msitu.

Pointi za GPS za mkononi huleta kosa jingine la mita 15 hivi, kama kifaa kimewekwa kutoa mwinuko wa duaradufu (umbo la dunia la kihesabu) badala ya usawa wa bahari. Kilimanjaro usawa wa bahari uko chini ya duaradufu kwa kiasi hicho.

Halafu hesabu ukomo wa kipimo chako. Kosa la mita 30 mlalo kwenye mteremko wa nyuzi 15 ni mita 8 wima. Kwenye nyuzi 30 ni mita 17. Badiliko lisilofika mara mbili ya kosa hilo usilitangaze. Na usitoe wastani mmoja wa mlima mzima. Kusini kwenye mvua nyingi na kaskazini kwenye ukavu ni dunia mbili, na wastani wao hauko mahali popote. Gawa mlima kwa sekta nane za mwelekeo, toa mediani ya kila moja.

Dalili: droni inapoteza picha upande wa juu

Droni iliyowekwa kuruka mita 100 juu ya mahali iliporushwa haijui kwamba mlima unapanda. Kwenye mteremko wa nyuzi 20, ikienda mita 300 mbele ardhi imepanda mita 109, na safari imeishia kwenye Erica. Pakia modeli ya mwinuko kwenye programu ya safari na uiamrishe ifuate ardhi, au rusha kutoka juu ukishuka. Mwingiliano wa picha uwe asilimia 80 mbele na 70 pembeni. Hewa nyembamba na baridi ya asubuhi hupunguza muda wa betri, kwa hiyo panga safari fupi. Kibali cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) na cha TANAPA kiwe mkononi kabla ya kubeba kifaa hadi getini.

Kuhakiki ardhini

Chagua pointi 50 au zaidi kwa kila tabaka, kwa bahati nasibu ndani ya mita 300 kila upande wa mpaka uliouchora, maana katikati ya msitu kila mtu hupata majibu sahihi. Mapito ya Marangu kati ya Mandara, mita 2,700 hivi, na Horombo, mita 3,700 hivi, yanavuka matabaka yote ndani ya siku moja. Yasiwe ndiyo peke yake, kwani kando ya njia huungua mara nyingi zaidi. Simama kwenye kila pointi dakika tano GPS itulie. Chini ya matawi hupotea mita 5 hadi 10. Pima urefu wa miti mitatu iliyo karibu kwa klinomita (kifaa cha kupima pembe), piga picha pande nne, andika mwelekeo wa mteremko.

Ukiwa juu ya mpaka wa sasa, inamisha macho. Katikati ya vichaka utakuta vigogo vya Erica vilivyokufa vikiwa vimesimama, vyeupe upande wa upepo na vyeusi kwa mkaa upande mwingine, vinene kama paja. Mmea unaofika kiunoni hauna shina la namna hiyo. Hapo palikuwa na msitu. Chukua kipenyo cha kila kigogo, urefu wa kilichobaki na mahali kilipo, na uandike kama shina linachipua kutoka chini au limekufa kabisa. Pointi hizo zilinganishe na picha za ndege ulizozinyoosha.